Kitabu Anakijua Chote, Ila Anaelewa?

Mwezi huu sina habari za fumanizi wala za mawifi. Nina habari ya kitabu cha picha, tena chembamba, ambacho kiliniaibisha mbele ya mama mkwe na kikafumua jambo kati yangu na mume wangu ambalo mimi hata sikujua lipo. Kaa vizuri nikusimulie.

Binti yetu, yule mnayemjua humu kwa jina la Bibie, anakaribia miaka minne na nusu. Mdogo wangu anayeishi Uingereza alimtumia kitabu cha hadithi cha Kiingereza. Kuna mtoto wa dubu anapotea kwenye theluji, analia, halafu anafuata nyayo za mama yake mpaka nyumbani. Picha nzuri, karatasi nzito inayong'aa. Basi kila usiku, nikishatoka Posta, nimesimama kwenye mwendokasi mpaka Kimara, nimefika hoi, nilikuwa namsomea. Nilijiwekea sheria: kitabu mwanzo hadi mwisho, halafu taa. Dakika sita zinatosha. Nikajiona mama wa kisasa haswa.

Baada ya miezi miwili Bibie alikuwa anakijua chote kwa kichwa. Anafungua ukurasa, anapitisha kidole chini ya maneno kama mwalimu, anatiririka Kiingereza mpaka mwisho. Wageni wakija, kabla hata soda hazijafunguliwa, nishamwita: "Mama, njoo uwasomee anko na anti." Makofi! Nilimrekodi nikamrusha kwenye grupu la WhatsApp la ofisini. Watu wakaniuliza anasoma shule gani. Nikawajibu kwa maringo kwamba hajaanza hata shule, hapo ni nyumbani tu.

Ndipo akaja mama mkwe kutoka Korogwe.

Povu la sabuni

Mama alikuja Dar kutibiwa macho. Ana mtoto wa jicho, na siku zile alikuwa anakusubiri uongee ndipo ajue ni nani kaingia. Jioni ya pili, tukiwa sebuleni wote, nikamwita Bibie aonyeshe ujuzi wake kwa bibi. Kwa kweli, nilitaka sifa. Mama mkwe wangu ni mpole, lakini sifa hatoi hovyo.

"Haya mke mwenzangu, nisomee na mie," bibi akasema.

Bibie akatiririka. Alipomaliza, bibi akampigia makofi, kisha akamvuta karibu.

"Umesoma vizuri. Sasa nieleze, maana mie macho yangu haya hayaoni, na hicho Kizungu chenu kimenipita pembeni. Huyu mnyama yuko wapi hapa?"

Bibie akaangalia picha. Kimya. Halafu akaanza kuisema tena ile sentensi ya Kiingereza ya ukurasa ule.

"Hapana, niambie kwa maneno yako. Mie naona weupe tupu. Hii ni pamba au unga?"

"Povu," Bibie akajibu.

"Povu la nini, mama?"

"La sabuni."

"Ehee! Na mbona analia?"

"Sabuni imemwingia machoni, bibi."

Mume wangu akaangua kicheko. Dada wetu wa kazi, aliyekuwa anapanga sahani, naye akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilitabasamu tu, tena kwa shida.

"Msimcheke mtoto," mama mkwe akasema. "Huyu anafikiri. Sema kaachwa afikiri peke yake."

Jamani, usiku ule usingizi ulinikataa. Miezi miwili! Nilikuwa nimemsomea mwanangu kitabu kilekile usiku baada ya usiku, na hata mara moja sikumwambia kwamba ule weupe unaitwa theluji, kwamba ni maji yaliyoganda yanayodondoka kutoka juu, kwamba ni ya baridi. Angejuaje? Mtoto wa Kimara, weupe wa namna ile kauona kwenye beseni la kufulia tu. Akachukua alichonacho akatengeneza hadithi yake: dubu kaingia kwenye povu, macho yanamwasha, analia. Ukilifikiria vizuri, ni jibu zuri kuliko nililostahili kupewa.

Kilichoniuma zaidi ni kingine. Nilikumbuka kwamba wiki ya kwanza, Bibie aliweka kidole kwenye ule weupe akaniuliza, "Mama, hii nini?" Nikamjibu, "Subiri tumalize kwanza, usiku umekwenda." Kesho yake akauliza tena, nikamjibu vilevile. Kisha akaacha kuuliza. Siku aliyoacha siikumbuki, maana wala sikugundua. Mimi niliona katulia, anasikiliza vizuri, anakua.

Baba Bibie alikuwa wapi?

Najua msomaji wangu unauliza. Hata mimi nilikuwa nauliza, tena kwa mashoga zangu: "Wanaume bwana, kazi yote ya mtoto unaachiwa wewe!" Wananipa pole, napokea.

Siku ya tatu ya mama, watu wakishalala, tukakaa kibarazani mimi na mume wangu. Nikaanza kwa gia ile ile: mbona kusoma na mtoto ananiachia mimi peke yangu? Angekuwa ananisaidia, labda tungeona mapema.

Akakaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Mimi si nilikuwa nasoma naye? Ukanifukuza."

"Nimekufukuza lini?"

"Ulinisahihisha mbele ya mtoto. Tena si mara moja. Umesimama mlangoni, unacheka, 'siyo hivyo Baba Bibie, mwanao atajifunza vibaya'. Kesho yake na Bibie naye akanisahihisha, anacheka kama wewe. Nikaona niwaachie wenye Kiingereza chenu."

Nilifungua mdomo nijitetee, nikaufunga. Maana nilikumbuka yote. Mume wangu ni fundi umeme, kazi zake anazifanya kwa Kiswahili na kwa mikono, na anazifanya vizuri. Kiingereza cha vitabuni kinamkwaruza. Siku zile za mwanzo alikuwa hasomi hata yale maandishi: anaangalia picha, anasimulia ya kwake. Dubu kapanda daladala. Dubu kanyimwa siti na konda. Bibie anacheka mpaka anakohoa, anauliza, "Halafu, baba?" Nusu saa nzima wako ukurasa wa tatu! Na mimi mlangoni: "Soma kilichoandikwa bwana, mtoto alale."

Yaani kumbe wakati ule baba ndiye alikuwa anasoma na mtoto. Mimi nilikuwa namaliza kitabu.

"Nisamehe," nikamwambia. "Nilikukosea, tena mbele ya mwanao."

"Yaishe," akasema.

Wenzangu mlioolewa mnaijua "yaishe" ya mwanaume. Haiishi siku hiyo. Kesho yake nilimpa kitabu, akasema kachoka. Keshokutwa vilevile. Sikumsukuma. Siku ya nne narudi kazini, nawakuta wamekaa mkekani watatu: bibi, baba na mtoto. Katikati sahani ya bati. Baba alikuwa ameikwangua kwa kijiko ile barafu inayoganda kwenye kuta za friji letu la zamani, kairundika kwenye sahani, na Bibie katumbukiza vidole vyote.

"Mama! Theluji inauma!" akanipigia kelele. "Ndo maana dubu alikuwa analia. Hakuvaa viatu!"

Baba yake akamnyooshea kidole kalenda ya ukutani yenye picha ya Mlima Kilimanjaro. "Na pale juu unaona nini?" Bibie akaangalia mlima, akaangalia sahani, akaangalia mlima tena. Ungeiona ile sura! Kabla hajapata jibu akauliza, "Na dubu wanakaa pale?"

Swali. Baada ya miezi yote ile, swali.

Ufahamu ule wa shuleni

Nilipotulia nikaanza kutafuta wataalamu wanasemaje, na nikupe kwa ufupi nilichokipata.

Wewe na mimi tulisoma shule, tunakumbuka ule ufahamu kwenye mtihani wa Kiswahili: soma habari ifuatayo kisha jibu maswali. Tulikuwa tunafanyaje? Unatafuta maneno ya swali ndani ya habari, ukiyaona unanakili sentensi nzima. Vema! Unapata alama hata kama hukuelewa kitu. Sasa mwaka 1986 watafiti wawili, Philip Gough na William Tunmer, walieleza jambo hili kwa njia rahisi sana. Walisema kusoma kwa kuelewa kunahitaji vitu viwili kwa pamoja: uwezo wa kuyatamka maandishi, na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Kimoja kikiwa sifuri, matokeo ni sifuri.

Na Kiswahili chetu kina mtego wake hapo. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishazijua silabi zake, ba be bi bo bu, anaweza kukutamkia neno lolote, hata "maridhiano", hata "uwajibikaji", vizuri kabisa, na asijue hata moja lina maana gani. Mzazi unasikia sauti inatoka safi, unasema mtoto anasoma. Ile sehemu ya pili, ya kuielewa lugha, haisikiki kwa sikio. Utaijua kwa kuzungumza naye tu.

Na hiyo sehemu ya pili haisubiri darasa la kwanza. Inajengwa nyumbani, kabla mtoto hajaijua hata herufi moja, kwa maneno anayoyasikia na anayoyasema. Ndiyo maana nawaambia nyie wenye watoto wa miaka miwili, mitatu, minne: muda wenu ni huu.

Mwaka 1988, mtafiti wa Marekani aitwaye Grover Whitehurst na wenzake walichapisha utafiti wao kuhusu jambo hili. Walichukua familia kama thelathini zenye watoto wa kati ya miezi 21 na 35. Wazazi wote walikuwa wanawasomea watoto vitabu vya picha nyumbani. Nusu waliambiwa waendelee kama walivyozoea. Nusu wakafundishwa kusoma kwa mazungumzo: uliza, sikiliza, ongezea, mwache mtoto naye awe msimuliaji. Mwezi mmoja tu. Baada ya hapo, kwenye vipimo vya kuongea, watoto wa kundi la pili walikuwa wamewatangulia wenzao kwa miezi 6 katika kipimo kimoja, na miezi 8 na nusu katika kingine. Walipopimwa tena miezi tisa baadaye, tofauti ilikuwa imepungua, lakini ilikuwa bado ipo.

Angalia hapo, mpenzi msomaji. Makundi yote mawili yalikuwa yanasomewa. Tofauti ilikuwa ni nani anaongea.

Kwetu hapa, ripoti ya Uwezo ya mwaka 2010 ilionyesha kwamba ni watoto kama watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Sababu ni nyingi: madarasa kujaa, vitabu kukosekana, walimu wachache. Hayo mimi na wewe hatutayamaliza sebuleni kwetu. Lakini mazungumzo ya dakika kumi kabla ya kulala, hayo yako ndani ya uwezo wetu.

Na wala si mambo ya kigeni. Mama mkwe hajawahi kusikia habari za huyo Whitehurst. Ila akianza hadithi anasema "Paukwa!" na hasogei mpaka mtoto ajibu "Pakawa!" Mtoto asipojibu, hadithi haianzi. Wazee wetu walijua zamani kwamba hadithi ni ya watu wawili. Ni sisi tuliposhika kitabu ndipo tukamnyamazisha mmoja.

Tunavyofanya siku hizi

Haya, tuje kwenye vitendo. Hivi ndivyo tunavyosoma kwetu sasa, na unaweza kuanza leo leo.

Kwanza, anza na jalada. Usifungue haraka. "Unaona nini hapa? Unafikiri huyu anaenda wapi?" Akikosea usimsahihishe. Mwambie, "Haya, tuone."

Pili, mara ya kwanza msomee hadithi ikimbie, usimkatizekatize, aipate yote. Maswali yaongezeke mara ya pili na ya tatu. Na usichoke akitaka kitabu kilekile kila siku. Kurudia ndiko kunakompa nguvu ya kusimulia.

Tatu, maswali ya aina mbalimbali. Yapo ya kumalizia: "Dubu akafuata nyayo za...?" Yapo ya kukumbuka: "Jana dubu alimkuta nani njiani?" Yapo ya nani, nini, wapi na kwa nini. Yapo ya wazi: "Nieleze hapa kuna nini." Na yapo yanayomtoa kwenye kitabu na kumrudisha kwenye maisha yake: "Na wewe uliwahi kupotea? Unakumbuka ile siku Kariakoo uliponiachia mkono?" Hilo la mwisho ndilo tamu kuliko yote. Bibie siku hiyo alinieleza kitu ambacho sikukijua, kwamba pale Kariakoo alikuwa akitafuta viatu vyangu, maana watu wote walikuwa warefu, haoni sura.

Nne, akijibu, pokea, ongezea kidogo, kisha mpe nafasi ya kusema tena. Akisema "mbuzi", wewe sema, "Ndiyo, mbuzi mweusi anakula kanga ya bibi. Anakula nini?" Atajibu, "Anakula kanga ya bibi." Umemuongezea sentensi nzima bila kumwambia kakosea.

Tano, subiri. Hili lilinishinda mimi kabisa mwanzoni. Ukishauliza, hesabu moja mpaka tano kimoyomoyo kabla hujamjibia. Mtoto anatafuta neno, mwache alitafute.

Sita, usigeuze usiku kuwa mtihani. Swali moja au mawili kwa ukurasa yanatosha, na kurasa nyingine ziache zipite. Ukiona anageuka geuka, anavuta shuka, funga kitabu. Na yeye akiuliza, swali lake ndilo la kwanza, hata kama hamfiki mwisho. Kwetu kumaliza kitabu si lazima tena.

Kwa wale wenye watoto wa miaka miwili, usiogope kwamba ni mapema. Kwao ni kutaja tu: hii nini, huyu nani, analiaje. "Kwa nini" itakuja yenyewe. Mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kiliwataka madaktari wawashauri wazazi wasome na watoto wao kwa sauti tangu uchanga. Kichanga haelewi hadithi, lakini sauti yako anaijua.

Kiingereza je?

Hapa najua tutagombana. Wengi wetu tunasaka shule za Kiingereza, ada zinatutoa jasho, halafu mtu akwambie usome Kiswahili? Sikilizeni, sijasema utupe vitabu vya Kiingereza. Kile cha dubu bado tunacho, na Bibie anakipenda kuliko zamani. Nasema hivi: zungumza naye kwa lugha ambayo wewe mwenyewe huhangaiki kutafuta maneno, na yeye hahangaiki. Kama ni Kiswahili, Kiswahili. Kama ni Kihaya au Kisambaa cha bibi, ruksa. Akishajua kwa Kiswahili kwamba theluji inauma na kwamba mtu aliyepotea huogopa, neno la Kiingereza likija linakuta pa kukaa. Kwetu lilikuwa linakuja na kukaa kwenye povu.

Na kwa akina dada wenzangu: mume akichukua kitabu, akatamka anavyotamka, akabadilisha hadithi, akampandisha dubu daladala, ondoka mlangoni. Nenda kaoge. Na nyie akina baba, mtoto hakupimi matamshi. Anakupima kama umekaa.

Vitabu viko wapi, na muda je?

Vitabu vya Kiswahili vya watoto vipo, na vizuri. Tafuta vya wachapishaji wa hapa hapa kama Mkuki na Nyota na E&D Vision, na vile vilivyotokana na Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanzishwa mwaka 1991. Ndani yake utakuta migomba, bajaji, bibi mwenye kanga, vitu ambavyo mtoto ana la kusema juu yake. Kama mfuko umetoboka, Maktaba Kuu ya Taifa pale Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ina sehemu ya watoto. Mpeleke Jumamosi, achague mwenyewe. Na kwenye simu, African Storybook, mradi wa Afrika Kusini, una hadithi nyingi za picha za bure, za Kiswahili zikiwemo. Ila simu ishike wewe, na notifikesheni za kazini uzizime, la sivyo swali la mtoto litajibiwa na bosi.

Kitabu hakuna kabisa? Chukua kalenda, boksi la dawa ya meno, albamu ya harusi yenu. Bibie aliuliza maswali ishirini juu ya picha moja ya harusi, likiwemo, "Mimi nilikuwa wapi?"

Muda? Sisi ni dakika kumi. Usiku nikichelewa, dada anasoma naye, na siku hizi nimemwonyesha namna. Au niseme ukweli, yeye ndiye alikuwa ananionyesha. Siku moja nimesimama koridoni nikamsikia anamuuliza Bibie, "Sasa wewe ungekuwa dubu ungefanyaje?" Sijui nani alimfundisha. Labda bibi. Labda hakufundishwa na mtu.

Tumalizie

Mama alifanyiwa upasuaji wa jicho moja, akapona vizuri, akarudi Korogwe. Kabla ya kuondoka alikishika kile kitabu, akakisogeza karibu, akakiangalia ukurasa kwa ukurasa. "Kumbe ndiye huyu," akasema. "Mie nilidhani ni mbwa." Tulicheka sana, na safari hii na mimi nilicheka.

Wiki iliyopita akapiga simu. Bibie akamnyang'anya baba yake.

"Bibi, sasa unaona?"

"Naona, mke mwenzangu."

Bibie akanyamaza, akafikiri. Halafu kwa sauti ya mtu aliyeibiwa: "Basi hutaniuliza tena?"

"Nitakuuliza mama. Kuona siyo kujua."

Nimeiandika hapa kwa sababu mimi nilikuwa naona, tena bila miwani, na mwanangu alikuwa ananiuliza. Sasa leo usiku, mpenzi msomaji, kabla hujazima taa, muulize wako jambo moja juu ya picha moja. Halafu hesabu mpaka tano. Na kama mwenzio ndiye anayesoma, pita kimya kimya.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.